Sindano za Kulegeza Ndita: Mwongozo wa Anayefikiria Kuchomwa

Chukua kioo, kaa penye mwanga wa dirishani, kisha nuna kama mtu aliyesoma ujumbe wa kumuudhi. Katikati ya nyusi itajitokeza mistari ya wima, kwa wengi miwili, kwa wengine mmoja au mitatu. Hizo ndizo ndita. Sasa legeza uso, hesabu mpaka 5, utazame tena. Zimetoweka? Zimebaki kwa mbali? Au zipo palepale kana kwamba bado umenuna?

Wengi huanza kwa kuuliza bei, halafu maumivu, halafu nani mwingine kachomwa. Mimi nakushauri uanze na hicho kioo. Sindano hizi, ambazo karibu kila mtu huziita Botox hata kama dawa iliyomo kwenye bomba ni ya kampuni nyingine, hazitengenezi ngozi. Zinalegeza msuli ulio chini ya ngozi, na ngozi inatulia kwa kuwa hakuna tena wa kuikunja. Anayelielewa hilo hayumbishwi na maneno ya wauzaji.

Hatua ya 1: Tambua mkunjo wako ni wa aina gani

Kuna mikunjo inayokuja na mwendo wa uso na kuondoka nao. Ukinuna, ndita. Ukishangaa, mistari ya ulalo kwenye kipaji cha uso. Ukicheka, miale midogo pembeni mwa macho. Hii ndiyo inayoitikia sindano vizuri, kwa sababu aliyeileta ni msuli.

Kuna mikunjo iliyokwisha kujichonga kwenye ngozi, ipo hata ukiwa usingizini. Kitambaa kilichokunjwa mahali pamoja miaka 20 hakinyooki siku unapoacha kukikunja. Sindano itaipunguza makali, na ukirudia kwa mwaka mmoja au miwili inaweza kufifia zaidi, lakini anayekuahidi kwamba itafutika yote baada ya mara moja anakuuzia ndoto.

Halafu kuna ile isiyohusika kabisa: mashavu yaliyoshuka, mfereji unaotoka puani hadi pembe ya mdomo, ngozi iliyochakaa kwa jua. Hapa ndipo watu huchanganya sindano za kulegeza na sindano za kujaza, ambazo mitaani zinaitwa fila. Fila, ambayo mara nyingi ni jeli ya asidi ya haialuroniki, hujaza pale palipobonyea au panapotakiwa pawe panene. Dawa ya kulegeza haijazi chochote. Tena fila ya aina hiyo ina kimeng'enya cha kuiyeyusha mtu akijuta. Dawa ya kulegeza ikishaingia kwenye ncha ya neva haina cha kuiondoa. Unasubiri mpaka nguvu yake iishe yenyewe.

Kama kioo kimekuonyesha kwamba tatizo lako ni ngozi na si msuli, basi losheni ya kukinga jua kila siku na krimu ya retinoidi (dawa ya jamii ya vitamini A) uliyoandikiwa na daktari wa ngozi zitakufaa kuliko sindano. Na kama hukuona tatizo lolote mpaka mtu mwingine alipokuonyesha, rudisha kioo ukutani uendelee na shughuli zako.

Hatua ya 2: Ijue dawa yenyewe

Ndiyo, ni sumu. Sioni sababu ya kuzunguka neno. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yuleyule anayeleta ugonjwa wa botulizimu kwa wanaokula chakula kilichohifadhiwa vibaya. Jina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 19 daktari wa Kijerumani, Justinus Kerner, aliwafuatilia wagonjwa waliodhuriwa na soseji zilizoharibika. Kerner hata alikisia kwamba kiasi kidogo sana cha sumu hiyo kingeweza kuwa tiba kwa misuli isiyotulia. Ilichukua zaidi ya miaka 150 kisio lake kutimia.

Aliyelitimiza ni Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliyekuwa akitafuta njia ya kutibu makengeza bila kisu. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa kope zinazojibana zenyewe. Wakati huohuo, huko Vancouver nchini Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akimtibu mama mmoja mwenye tatizo la kope. Siku moja mama yule akalalamika kwamba safari hii hakuchomwa katikati ya nyusi, na kila akichomwa pale uso wake hupata utulivu anaoupenda. Mume wa Jean, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi anayesumbuka na wagonjwa wa ndita. Mwaka 1992 wawili hao walichapisha matokeo yao. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha Botox kwa ndita, 2013 kwa mistari ya pembeni mwa macho, na 2017 kwa mistari ya kipaji cha uso.

Inafanyaje kazi? Neva ikitaka msuli ukaze, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli ukiipata hujikunja. Sumu ya aina ya A, ndiyo inayotumika usoni, huingia kwenye ncha ya neva na kuikata protini iitwayo SNAP-25. Bila protini hiyo, vifuko vya asetilikolini haviwezi kufunguka. Ubongo unaagiza, neva inapokea agizo, lakini msuli haupati habari. Hakuna kinachokufa hapo. Baada ya miezi michache neva hurudisha mawasiliano yake, na ndita hurudi kazini.

Kiasi kinachotumika ni kidogo mno, kinahesabika kwa nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu. Ndiyo maana dawa haipimwi kwa uzito bali kwa yuniti, yaani kipimo cha nguvu yake. Na hapa pana mtego: yuniti za kampuni moja si sawa na za kampuni nyingine. Dozi ya kawaida ya ndita kwa Botox ni yuniti 20, kwa Xeomin na Jeuveau vilevile 20, kwa Daxxify 40, kwa Dysport 50. Kwa hiyo shoga yako akikwambia yeye kachomwa 50 na wewe umechomwa 20 tu, usikimbilie kudhani umepunjwa. Muulize kwanza ni dawa gani.

Hatua ya 3: Jikague kama unafaa

Kuna watu ambao hawapaswi kuchomwa, au hawapaswi mpaka daktari anayewatibu aseme neno. Mwenye ugonjwa wa neva na misuli, kama vile miasthenia gravisi, ndiye wa kwanza, kwa sababu mawasiliano yake ya neva na msuli tayari ni dhaifu na dozi ya kawaida inaweza kumlegeza kupita kiasi. Mwenye shida ya kumeza au kupumua pia aseme mapema. Mwenye uambukizi, jipu au chunusi zilizoiva mahali pa kuchomwa asubiri zipone. Aliyewahi kupata mzio wa dawa hizi asirudie. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe asichomwe Dysport.

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Ndita zitakuwepo tu.

Taja kila dawa unayotumia, hata ile unayoiona haihusu uso. Antibayotiki za kundi la gentamisini na dawa za kulegeza misuli zinaweza kuongeza nguvu ya sindano. Aspirini, ibuprofeni na mafuta ya samaki huongeza uwezekano wa damu kuvilia. Lakini kama aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda uliandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa uamuzi wako. Kuvilia damu hupona kwa siku chache. Kiharusi sicho cha kulipia kwa ajili ya kipaji cha uso.

Kitu kingine ambacho fomu hazikiulizi sana: una sherehe lini? Kama harusi ni Jumamosi ijayo, umechelewa. Acha angalau wiki 3 au 4 kati ya sindano na siku yako, upate muda wa dawa kufanya kazi, alama kupotea, na marekebisho kama yatahitajika.

Hatua ya 4: Chagua mkono utakaoshika bomba

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Dawa ni ileile, tofauti kubwa huletwa na anayechoma.

Dawa hizi ni za kuandikiwa na daktari. Anayekuchoma awe mtaalamu wa afya mwenye leseni inayomruhusu, aliyesomea misuli ya uso, na anayeweza kukuhudumia mambo yakienda kombo. Usione haya kumuuliza: umesajiliwa wapi na kwa namba gani? Unachoma watu wangapi kwa wiki? Kope langu likishuka utanifanyia nini? Mtaalamu halisi hujibu maswali haya bila kukunja uso. Akikujibu kwa ukali, au akakuonyesha tu picha za watu maarufu, shukuru umemjua mapema.

Sebuleni kwa mtu, hotelini, kwenye kitchen party au saluni ya nywele si mahali pake, hata kama anayechoma ni jamaa yako. Pia usinunue dawa mtandaoni ujichome mwenyewe kwa kufuata video. Mwaka 2004, Florida nchini Marekani, watu 4 walichomwa sumu ambayo haikuwa dawa iliyosajiliwa kwa matumizi ya binadamu. Walipooza, wakaishia hospitali wakipumua kwa mashine. Mwaka 2024, nchini humohumo, mamlaka zilitoa onyo baada ya watu katika majimbo kadhaa kuugua kwa sindano za Botox bandia au zilizochomwa na wasio na sifa, na baadhi yao walilazwa.

Umri nao. England, ndani ya Uingereza, imepiga marufuku kuwachoma walio chini ya miaka 18 kwa ajili ya urembo tangu Oktoba 2021. Binafsi naona hata nchi isiyo na sheria kama hiyo, mtaalamu anayemchoma mtoto wa miaka 16 amejitambulisha ni mtu wa namna gani.

Hatua ya 5: Mazungumzo na ukaguzi wa uso

Mtaalamu mzuri atakutazama ukiongea kabla hajakutazama ukiwa umetulia. Atakwambia nuna, cheka, inua nyusi, fumba macho kwa nguvu. Anasoma misuli yako, maana hakuna nyuso mbili zinazokunjwa sawa. Atapiga picha za uso uliotulia na uliokunjwa. Kubali picha hizo, maana baada ya miezi 2 hutakumbuka ulivyokuwa.

Sasa nikupe siri moja ambayo ningependa kuijua mapema. Msuli wa kipaji cha uso ndio pekee unaoinua nyusi. Misuli mingine iliyo jirani nao, ile ya katikati ya nyusi na ile inayozunguka jicho, inazivuta chini. Kwa hiyo kuchoma ndita ni kumlegeza mvutaji wa chini, na nyusi huweza hata kupanda kidogo. Kuchoma kipaji cha uso ni kumlegeza yule pekee anayeziinua. Ukizidisha hapo, nyusi hushuka, macho yanaonekana mazito, na mtu aliyekwenda kutafuta uso mchangamfu anarudi na uso wa usingizi.

Wapo ambao wanautumia msuli huo kutwa nzima bila kujua, kwa sababu kope zao zimekuwa nzito na bila kuinua nyusi hawaoni vizuri. Jaribu mwenyewe. Fumba macho, legeza kipaji cha uso kabisa, weka kidole juu ya nyusi bila kukandamiza. Fumbua macho polepole. Kama unyusi ulipanda chini ya kidole ili jicho lifunguke, wewe ni mmoja wao. Mwambie mtaalamu. Mistari yako ya kipaji ni alama ya kazi inayofanyika, na ukiifuta yote utalipia kwa macho yako. Pengine atakushauri achome ndita tu, au aweke dozi ndogo juu kabisa karibu na nywele, au akwambie wazi kwamba shida yako ni kope na si makunyanzi.

Ndiyo maana pia mistari ya kipaji kwa kawaida haichomwi peke yake bila ndita. Ukimlegeza anayeinua ukamwacha anayeshusha na nguvu zake zote, unajua nani atashinda.

Kwa mara ya kwanza omba dozi ndogo. Dawa inaweza kuongezwa baada ya wiki 2, haiwezi kupunguzwa. Wanaume mara nyingi huhitaji yuniti nyingi zaidi kwa sababu misuli yao ni minene. Ukitaka bado uweze kununa kidogo, sema hivyohivyo: nataka nibaki na uso wangu, ila ndita zisiwe kali. Mtaalamu ataelewa.

Mkubaliane pia juu ya malipo. Wengine hutoza kwa yuniti, wengine kwa eneo la uso. Njia yoyote ni sawa ilimradi unajua yuniti ngapi zimeingia. Usikubali kutozwa kwa "bomba", maana bomba ni ujazo tu, na ujazo unaongezeka kwa kumimina maji.

Soma fomu ya ridhaa kabla ya kusaini. Ukiletewa fomu wakati umeshapakwa ganzi na umelala kitini, omba uketi, uisome.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Nenda umeshakula, uso bila vipodozi. Pombe uiache tangu jana yake.

Kabla ya chochote, omba kuona kichupa. Kiwe kimefungwa, chenye jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukikitazama utadhani ni kitupu. Dawa iliyokaushwa huonekana kama utando mwembamba chini ya kioo, ukihitaji mwanga kuuona. Aina nyingi hutunzwa kwenye friji kati ya nyuzi joto 2 na 8, japo zipo, kama Xeomin, zinazovumilia joto la chumbani kabla ya kuchanganywa.

Sasa tazama anavyochanganya. Anachoma kifuniko cha mpira kwa sindano yenye maji ya chumvi yaliyotakaswa, na kwenye kichupa kizima cha Botox maji yanavutwa ndani yenyewe, bila kusukumwa. Ndani yake hakuna hewa. Kisichovuta hutupwa. Kisha anakizungusha taratibu, hakitikisi kama dawa ya kikohozi. Hesabu ni rahisi: yuniti 100 za Botox ndani ya mililita 2.5 za maji ni yuniti 4 katika kila mililita 0.1. Kwa ndita kuna nukta 5, kila moja mililita 0.1, jumla yuniti 20. Pembeni mwa macho ni nukta 3 kila upande, jumla yuniti 24. Kipaji cha uso, nukta 5 nyingine, yuniti 20. Anayetaka maeneo yote matatu kwa dozi hizo anafika 64. Mtaalamu anaweza kupunguza au kuhamisha nukta kulingana na uso wako, lakini aweze kukwambia kwa nini.

Ukikuta bomba limeshajazwa na kichupa hakionekani, uliza kiko wapi. Hakipo? Inuka uondoke. Najua ni vigumu kuinuka kwenye kiti umeshavuliwa miwani na kufungwa nywele. Inuka hivyohivyo.

Kuchomwa kwenyewe ni kwa dakika chache. Sindano ni nyembamba, namba 30 au zaidi, na kadiri namba inavyopanda ndivyo unene unavyopungua. Kuna mchomo, halafu mfinyo wa maji yanayoingia. Barafu kabla ya kuchomwa husaidia. Vitabaki vinundu kama vya kuumwa na mbu, vingi hupotea ndani ya saa moja.

Kabla hujatoka, piga picha ya kichupa, namba ya toleo ionekane.

Hatua ya 7: Saa na siku za mwanzo

Usipasugue. Hilo ndilo kubwa. Dawa inatakiwa ikae kwenye msuli uliokusudiwa, na masaji ya uso, kofia inayobana au kulala kifudifudi kwa mtu wa kukukanda mgongo vinaweza kuihamisha. Wengi watakwambia usilale kwa saa 4 na usifanye mazoezi mazito siku hiyo. Ni tahadhari zaidi kuliko sayansi iliyothibitishwa, lakini hazigharimu kitu, zifuate. Kuosha uso kwa upole, kwenda kazini, kupika, kuchekesha watoto, vyote ruksa.

Kichwa kuuma kidogo siku ya kwanza au ya pili hutokea, parasetamoli inatosha. Mahali palipovilia damu patafifia kama jeraha lingine lolote dogo.

Halafu hakuna kitu. Utajitazama kesho yake na ndita zitakuwa palepale, utahisi umetupa pesa. Dawa huanza kushika siku ya 3 au ya 4, na inafika kileleni karibu na siku ya 14. Usirudi siku ya 5 kudai nyongeza. Utaongezewa juu ya dozi ambayo bado haijamaliza kazi.

Hatua ya 8: Kioo cha siku ya 14

Rudia jaribio la mwanzo, dirisha lilelile, na upige picha. Nuna. Inua nyusi. Cheka.

Mimi mara yangu ya kwanza nilinuna vizuri, yaani sikuweza, nikafurahi. Nilipoinua nyusi, upande wa kushoto ncha ya nje ilipaa juu peke yake kama mkia wa jogoo. Kwa siku kadhaa watu walikuwa wakiniuliza ninachoshangaa. Kumbe katikati ya kipaji palilegea lakini pembeni msuli ulibaki na nguvu zake, ukawa unavuta peke yake. Ni kosa la kawaida na dogo: yuniti chache pale pembeni, na baada ya wiki nyusi zikalingana. Kwa hiyo ukiona hivyo, usilie, rudi.

Kope la juu kushuka ni jambo jingine. Hutokea kwa wachache, dawa inapopenya mpaka kwenye msuli unaoinua kope, na ndiyo sababu mtaalamu huacha angalau sentimita 1 juu ya mfupa wa tundu la jicho anapochoma mwisho wa nyusi. Huchukua wiki kadhaa kuondoka. Kuna matone ya macho ya apraklonidini yanayoweza kuliinua kope kwa milimita moja au mbili ukisubiri, lakini yaandikwe na daktari.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri miadi. Kumeza kwa shida, sauti kukwaruza au kupotea, kuona vitu viwiliviwili, udhaifu unaoenea mwilini, kupumua kwa taabu. Hizi zinaweza kuja saa chache baada ya sindano au hata wiki kadhaa, na maana yake ni kwamba sumu imesambaa mbali na ilipowekwa. Ni nadra sana kwa dozi za urembo za dawa halali, lakini tangu 2009 FDA imetaka onyo hilo lizungushiwe mistari ili lionekane wazi kwenye maelezo ya dawa hizi zote. Nenda hospitali saa hiyohiyo, utaje kwamba ulichomwa sumu ya botulini, dawa gani na lini. Ipo dawa ya kuizima sumu iliyo bado kwenye damu, ila haiwezi kuirudisha ile iliyokwisha kuingia kwenye neva. Ndiyo maana ya kuwahi.

Hatua ya 9: Kurudia, au kuacha

Botox hudumu miezi 3 mpaka 4 kwa wengi, Daxxify huweza kufika 6. Haikatiki siku moja. Utaanza kuona unyusi unajongea, kisha ndita moja hafifu, kisha nyingine.

Usirudie kabla ya miezi 3 kupita. Mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa, na dozi kubwa za karibukaribu huongeza uwezekano huo. Ikifika hapo, sindano haikushiki tena, na siku ukiihitaji kwa tiba ya kweli, labda ya kipandauso sugu au misuli ya shingo iliyokaza, itakuwa haikufai.

Ukiamua kuacha, acha tu. Uso haurudi mbaya kuliko ulivyokuwa. Unarudi ulipokuwa, pamoja na umri ulioongezeka katikati. Anayekwambia ukianza huwezi kuacha anazungumzia mazoea ya kujitazama kwenye kioo, maana mwili hauna uraibu wa dawa hii.

Ukirudi, nenda na kikaratasi: jina la dawa, yuniti kwa kila eneo, namba ya toleo, tarehe, siku ndita zilipoanza kuonekana tena, na picha za siku ya 14. Mtaalamu akiwa amehama au umehamia kwingine, kikaratasi hicho kitamwonyesha mpya aanzie wapi, na pale pembeni kwa kushoto, kama kwangu, paongezwe yuniti ngapi.